Vakansi imefika: franga itoke wapi?



Buletini zimekwisha kutolewa. Aliyepita amepita. Aliyeshindwa amekwisha kulia, sasa anyamaze, mwaka mwingine uko mbele. Madaftari yamewekwa juu ya kabati. Tuko katika kipwa: asubuhi baridi inauma, mchana jua linawaka, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sahani ya bukari. Kutoka sasa mpaka masomo yaanze tena, mwezi wa tisa, uko na majuma nane au tisa. Ni siku nyingi. Utazifanyia nini?

Najua vijana wanaulizana maswali mawili. La kwanza: "Franga nitaipata wapi?" La pili: "Na tutafurahi namna gani?" Watu wengine wa kanisa wanafikiri kwamba swali la kwanza ni la tamaa na la pili ni la upuuzi. Mimi sisemi hivyo. Kijana anayetaka kujinunulia viatu vya shule si mwenye tamaa. Msichana anayetaka kucheka na rafiki zake siku ya Jumamosi, kisha kazi ya juma zima, hakufanya dhambi. Maswali yote mawili ni mazuri. Shida iko katika jibu.

Kwa maana kwetu, katika miji ya migodi, kuna jibu moja linalopita mbele ya majibu mengine yote: "Twende ku karieri."

KAZI ISIYOJUA MWEZI WA TISA

Maneno yao unayajua. "Kule franga inatoka mbio. Siku kumi tu, unarudia na viatu, na telefone, na minervali." Ni kweli, wako waliorudi na franga. Nikikataa jambo hilo hutanisikiliza tena, maana umewaona kwa macho yako. Lakini yako mambo ambayo hawayasemi wakati wanapokuonyesha telefone mpya.

Hawasemi kwamba shimo halimjui mtu. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, siku chache tu mbele ya vakansi, udongo uliwaangukia wachimbaji wa mikono karibu na Kolwezi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemngojea nyumbani jioni ile.

Hawasemi kwamba bei haiko mkononi mwa yule anayechimba. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipanda sana duniani. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Mchimbaji wa kwetu alikuwa amekosa nini? Hakuna. Alichimba udongo uleule, kwa jasho lilelile. Tena mizani ni ya mnunuzi, na mashini ya kupima nguvu ya jiwe ni ya mnunuzi vilevile. Wewe unakuja na gunia, yeye anakuja na hesabu.

Hawasemi kwamba sheria imeufunga mlango huo kwa watoto. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 inatoa karata ya mchimbaji wa mikono kwa mtu mzima peke yake. Na sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inakataza kumtia mtoto katika kazi zinazomharibu. Mtu asikudanganye akisema: "We hautashuka mu shimo, utaosha tu mawe kule mutoni." Vumbi la mawe ni lilelile, magunia ni mazito vilevile, na maji yale si ya mtoto kukaa ndani kutoka asubuhi mpaka jioni.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hili: karieri haijui mwezi wa tisa. Kengele ya shule inalia huku, na kule hakuna anayeisikia.

Kijana mmoja wa kwaya, mwenye miaka kumi na sita, alikuja kuniaga. "Pasta, mi naenda siku kumi tu. Nikipata ya minervali, narudia." Sikumkemea. Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwambia, "Basi tuandike."

Tukaandika. Franga ya gari, kwenda na kurudi. Chakula cha siku kumi, na kule unga ni bei kuliko hapa. Mahali pa kulala. Nyundo, kamba, tochi, magunia. Hana franga ya vitu hivyo? Basi kuna mtu atakayemlisha na kumpa vyombo kwanza. Na gunia likiuzwa, mtu huyo anakata deni lake mbele ya wote, kisha kinachobaki wanagawanya wote wa shimo lile. Na kama siku kumi zinapita bila kufika kwenye jiwe? Deni linaendelea kukua, kwa maana tumbo halingoji jiwe.

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Pasta, na yaya wangu njo vile ilimushika. Na yeye alisema siku kumi." Yule yaya wake aliacha shule katika mwaka wa nne wa sekondari. Ni miaka miwili sasa. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Ila kila mara anatuma habari: juma lijalo nitatoka.

Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja, ukishike vakansi hii na vakansi zote. Kazi nzuri ya vakansi ni ile inayokwisha wakati vakansi inapokwisha. Mtu akikuitia kazi, usimwulize kwanza, "Utanilipa ngapi?" Mwulize, "Siku ya kwanza ya masomo, nitaweza kuiacha?" Kama ana deni la kukufunga nalo, au kama anacheka swali lako, umekwisha kupata jibu.

WAZEE WALIJUA KUACHA

Pengine utasema: "Pasta, shaba ni kazi ya nchi yetu, tangu wazee." Ni kweli. Wazee wa Katanga walichimba shaba miaka mingi sana mbele ya wazungu kufika. Waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakamwaga shaba katika umbo la msalaba, na misalaba ile ilikwenda mbali katika biashara. Watu hao wanaitwa mpaka leo wala-shaba, kwa maana shaba iliwalisha.

Lakini walichimba wakati gani? Walichimba katika kipwa, kisha kuvuna mtama. Mvua ilipokaribia waliacha shimo, wakarudi mashambani. Shaba ilikuwa na majira yake, na shamba lilikuwa na majira yake. Mvua njo ilikuwa kengele yao. Wewe shamba lako ni shule. Ukilikosa wakati wa kupanda, utavuna nini?

Tena wazazi wetu waliona mgodi mkubwa ukilala. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, ulianguka. Mwaka 1994 shaba yote ya mwaka haikufika tani 50 000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walianza kutolewa kazini kwa malipo ya kuwaaga. Uliza nyumbani kwenu: miaka ile, nani aliyelisha nyumba? Mara nyingi utasikia jibu hili: ni mama, kwa shamba lake na meza yake ya sokoni. Au ni baba aliyejua kushona, kuranda mbao, kutengeneza kinga. Mgodi ulikuwa mkubwa, lakini kazi ndogo ya mikono njo ilipika bukari.

Hata mtume Paulo, mwenye elimu yote ile, alijua kutengeneza hema. Hakuona haya.

KAZI ZA KIPWA

Sasa tuzungumze kazi zenyewe. Sitataja kazi inayohitaji franga nyingi, maana najua mifuko yenu.

Mboga. Katika kipwa mvua haiko, kwa hiyo mwenye maji karibu ana faida. Tengeneza vitanda viwili nyuma ya nyumba. Chukua udongo wa kichuguu, vile vilima vikubwa vya mchwa vya kwetu, uchanganye na samadi ya kuku iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mboga. Panda lengalenga. Nyeshea asubuhi na jioni. Kisha majuma manne hivi unaweza kuanza kukata. Baridi ya mwezi wa saba inachelewesha kidogo, usikate tamaa. Usipande yote siku moja: kitanda cha kwanza leo, cha pili kisha siku kumi, ili kila juma uwe na kitu cha kuuza. Na neno moja la lazima: usinyeshee mboga kwa maji ya mto ambamo watu wanaosha mawe ya mgodi, wala maji yenye rangi yasiyojulikana yanatoka wapi. Utauza ugonjwa.

Matofali. Kipwa ni wakati wa matofali, maana mvua haitayaharibu. Omba ruhusa kwa mwenye kiwanja na kichuguu. Udongo unalowanishwa jioni, unakanyagwa, na asubuhi unatiwa katika sanduku la mbao lisilo na chini. Funika matofali mabichi kwa majani ili yakauke polepole. Jua kali likiyakuta yanapasuka. Kuyachoma ni kazi ya watu wazima, ninyi msaidie kubeba na kupanga. Kazi hii ni nzito: ifanyeni wanne au watano, wakubwa, tena nusu ya siku tu. Mkimaliza mfukie shimo. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikilijaza maji, mtoto wa jirani anaweza kuanguka humo.

Karanga, mikate ya mafuta, munkoyo. Uza pale watu walipo wakati wanapotaka kula. Karanga jioni, mikate ya mafuta asubuhi mapema. Munkoyo unafaa mchana, pembeni ya kiwanja cha mpira, wakati wa mashindano ya mitaa. Ila munkoyo unataka maji yaliyochemka na vyombo safi. Mwombe mama au nkambo asimamie. Ukimwumiza mtu tumbo, mtaa wote utajua mbele ya jua kuzama.

Kufundisha wadogo. Kazi hii inasahauliwa, na haina mtaji. Wewe uliye sekondari, watoto watano wa jirani hawajui kusoma vizuri wala kugawanya hesabu. Ongea na wazazi wao. Saa moja na nusu kila asubuhi, siku nne kwa juma, chini ya mwembe au katika nyumba ya kanisa kama wazee wanakubali. Mzazi asiye na franga atatoa kikombe cha unga au mayai mawili. Na wewe utakuta kwamba ile hesabu iliyokushinda mwaka uliopita, sasa unaijua. Kumbe kufundisha ni kujifunza mara mbili.

Ufundi. Nenda kwa fundi wa kinga, mshonaji, msukaji wa nywele, fundi wa telefone. Usiende kuomba mshahara, omba kujifunza. Juma la kwanza utafagia na kushika vyombo. La tatu utaziba mpira wa kinga peke yako. Elewaneni mapema, mbele ya mzazi: siku ngapi, saa ngapi, na kama utapata kitu kidogo. Franga itakuwa chache, lakini ufundi haukwishi mwezi wa tisa. Jumamosi za mwaka wote ni zako.

Wasichana, neno kwenu. Msikubali kuuza usiku, wala karibu na karieri, wala mbele ya nyumba za pombe, hata kama kule biashara inakwenda mbio. Uzeni wawili wawili, na rudini mbele ya giza. Mnunuzi anayesema, "Njoo uchukue franga nyumbani," huyo hanunui karanga.

MTAJI NA DAFTARI

"Pasta, mtaji utoke wapi?" Mama zenu wanajua: likelemba. Vijana watano wanaoaminiana, kila mmoja anatoa franga 2 000 kwa juma. Juma hili 10 000 zinakwenda kwa mmoja, juma lijalo kwa mwingine, mpaka wote watano wamepata. Anayepokea kwanza asiwe yule mwenye maneno mengi; awe yule anayejulikana kwamba akisema analeta, analeta.

Sasa nunua daftari moja dogo. Biashara bila daftari ni kama kuchota maji kwa kikapu. Tuchukue karanga. Bei ninazoweka hapa ni mfano tu, soko la kwenu lina bei yake. Tuseme karanga mbichi 8 000, makala 1 000, chumvi na vifuko 1 000. Jumla 10 000. Unakaanga, unapata vifuko 75, unauza kila kimoja 200. Unapata 15 000.

Hapa njo vijana wengi wanaanguka. Wanaona 15 000 mkononi, wanasema, "Niko na franga!" Hapana. Uko na 5 000. Zile 10 000 ni za karanga za kesho. Ukizila umeua kuku anayetaga.

Hizo 5 000 uzigawanye siku ileile, zisilale pamoja. Kwa mfano: 3 000 za shule, 500 za sadaka, 500 za kumsaidia mama, na 1 000 za furaha yako. Ukiuza mara mbili kwa juma, majuma sita, hesabu: franga 36 000 za shule, na 12 000 za furaha. Si utajiri. Lakini ni madaftari, ni kalamu, pengine ni viatu, na hakuna mtu aliyekufunga kwa deni. Haba na haba hujaza kibaba.

Za shule usiziweke chini ya mto wa kulalia. Mpe mtu mmoja unayemwamini, au uziweke katika telefone ya mzazi, na uandike kila mara unapoweka. Franga inayoonekana, mikono yote ya nyumbani inaiona.

NA FURAHA?

Nimeandika 1 000 za furaha, na sitazifuta. Vakansi bila kucheza si vakansi. Mwili ulioketi juu ya benchi miezi kumi unataka kukimbia. Furaha nayo iwe na siku yake, ili isiibe kazi, na kazi isiiibe furaha. Wekeni Jumatano jioni na Jumamosi yote kisha saa sita.

Furaha nyingi hazina bei. Mpira wa mifuko na kamba unaruka vizuri kama umefungwa na mtu anayejua. Chagueni timu za mitaa, mtafute mzee mmoja wa kupiga firimbi, asiye na mtoto kiwanjani. Mazembe, timu iliyoanza Lubumbashi mwaka 1939, ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu mwaka 2010. Hakuna anayekukataza kuota ukiwa katika vumbi. Wasichana wana nzango, na nimeona mama wa miaka hamsini akiwashinda. Wadogo watengeneze galimoto za waya, zenye usukani mrefu, kisha wazishindanishe barabarani. Ila waya iwe ile iliyotupwa. Waya ya umeme ya Serikali si ya galimoto.

Nendeni kwa nkambo kijijini, kama njia iko na franga ya gari iko. Kaeni karibu na moto wake, muombe hadithi na nyimbo za zamani, mziandike. Chezeni kisolo naye; atawashinda, mkubali. Na wale wasio na kijiji cha kwenda, watie kila mmoja 500 kwa juma katika kisanduku kimoja chenye funguo mbili, kila ufunguo kwa mtu wake. Mwisho wa mwezi wa nane pikeni pamoja kuku na wali, mwimbe, mcheze, mpige picha. Siku ile mtaikumbuka kuliko telefone.

KWA WAZAZI

Baba, mama, sasa nanyi. Mambo matatu tu.

La kwanza, semeni ukweli juu ya minervali. Mwezi wa tisa 2019 Serikali ilianza kutoa shule ya msingi bure, lakini sekondari haikuingia humo. Mtoto wa sekondari anaposikia, "Tutaona," mwezi mzima, anatafuta jibu mwenyewe, na jibu la karibu ni karieri. Keti naye. Mwambie: tuko na kiasi hiki, kinapungua kiasi hiki, wewe unaweza kusaidia hapa. Mtoto anayejua hesabu ya nyumba hakimbii usiku.

La pili, msile franga ya mtoto. Kuomba msaada ni halali, na mtoto mwema atatoa. Lakini ukichukua zile za shule na kusema utarudisha, kisha usirudishe, umemfundisha kwamba kazi safi haina faida. Mwaka mwingine hatakuaga, utasikia tu kwa majirani kwamba yuko ku shimo.

La tatu, mpeni msichana saa zake. Kijana mwanaume anakwenda mpira, na dada yake yuko kwenye sahani, kwenye maji, kwenye mtoto mchanga, mpaka usiku. Kisha tunasema msichana hana akili ya biashara. Ana akili, hana nafasi. Mwanaume naye anaweza kuosha sahani, mikono haitavunjika.

SIKU YA KWANZA YA MASOMO

Yule kijana wa kwaya hakwenda. Alichukua ile karatasi yetu ya hesabu, akawaonyesha wenzake wanne, na sasa wanafanya matofali nyuma ya kanisa, asubuhi peke yake. Sijui yatafika mangapi. Jana mengine yalipasuka kwa jua, kwa maana majani ya kufunika yalikuwa machache. Walicheka, wakayakanyaga tena kuwa udongo, wakaanza upya. Shimo la karieri halimpi mtu nafasi ya kuanza upya namna hiyo.

Jioni hii, kisha chakula, someni ukurasa huu nyumbani kwa sauti. Kisha kila mmoja ajibu maswali mawili haya: Vakansi hii nitafanya kazi gani? Na itakwisha siku gani? Aandike jibu lake katika lile daftari dogo, baba au mama aweke jina chini. Siku ya kwanza ya masomo lifungueni tena pamoja, muone.

Fanyeni kazi vizuri, chezeni vizuri, na Bwana awalinde. Tutaonana mwezi ujao katika ukurasa huu.